Msilaze mtaji wa duka kwenye magunia

Kila msimu wa mavuno ukikaribia, kuna kundi jipya la watu wenye nia njema, Uyole, Mafinga au Ilula, linaloamua kufungua duka la ushirika la chakula. Nafurahi kila ninaposikia. Kisha wananipa mchanganuo wa fedha za hisa niusome, na humo nakuta mstari uleule: sehemu kubwa ya mtaji inunue mpunga na mahindi mwezi wa saba, vilazwe stoo, viuzwe bei ikipanda. Mwaka huu nimeukuta tena kwa vijana makini kabisa, wenye masharti ya chama yaliyoandikwa vizuri kuliko yetu ya wakati ule. Wadogo zangu, nawapenda, na ndiyo maana uvumilivu umeniisha.

Usajili siugusi. Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 mmeisoma, MUVU, mfumo wa kielektroniki wa usimamizi wa vyama vya ushirika, mnaujua, afisa ushirika wa halmashauri mmeshakaa naye. Naanzia pale fremu inapofunguliwa.

1. Mtaji wa duka ni wa kuzunguka.

Chama nilichokuwa mjumbe wa bodi yake kilianza vizuri. Hisa zililipwa, fremu ilikuwa njiani ambako watu hupita wakitoka sokoni, mizani ilikuwa mipya. Mavuno yakafika, mpunga wa Usangu ukashuka bei, na katika kikao kimoja bodi nzima, nami nikiwemo, tukapitisha kununua. Hoja ilikuwa tamu: Februari mwanachama atakula mchele wa bei ya Julai. Hakuna aliyeuliza Agosti atapikia nini.

Agosti sukari iliisha. Yakafuata mafuta ya kula, unga wa ngano, chumvi, sabuni ya mche. Meneja wetu, dada mwenye bidii sana, alikuwa akikusanya mauzo ya siku kadhaa ndipo aende kwa muuzaji wa jumla, na alirudi na vitu vya kujaza shelfu moja. Mama mwanachama anakuja kutafuta sukari nusu kilo na mafuta ya kupima, anakosa, anavuka barabara kwenda duka la mtu binafsi. Akishafika kule ananunua na mchele hukohuko, maana nani atarudi kwetu kwa kitu kimoja? Tuliwapoteza wanunuzi wa mchele huku stoo imejaa mpunga.

Na stoo yenyewe ilikuwa ikipungua bila kuuzwa. Mpunga tuliununua ukiwa haujakauka sawasawa. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 18, likikauka hadi asilimia 14, linabaki na kilo 95 hivi. Hapo hajapita mwizi wala panya, ni maji tu yameondoka. Ukiupeleka mashineni, kilo 100 zikikupa mchele kilo 65, shukuru. Sisi leja ya stoo iliandika magunia, haikuandika kilo, wala hatukuwahi kupima unyevu. Mkutano mkuu ulipouliza, pengo lile lilionekana wizi mtupu. Mtunza stoo, mzee mwadilifu aliyestaafu ualimu, alisimamishwa mbele ya majirani zake akashindwa kulieleza. Sisi tuliopitisha ununuzi tulikaa kimya. Aliacha kazi wiki hiyo. Nilipokuja kuielewa hesabu ya unyevu nilimfuata nyumbani kwake na daftari, tukaipiga pamoja mpaka ikakubali, lakini mkutano ulikuwa umeshapita na jina lake lilikuwa limeshasemwa kila mtaa. Hili bado linaniuma kuliko fedha zilizopotea.

Novemba kodi ya fremu ikadai. Tukauza mpunga wote kwa mfanyabiashara aliyekuja na Fuso, kabla bei haijapanda.

Sasa pigeni hesabu hii kwa mfano tu. Milioni moja ikilala kwenye mpunga miezi sita na bei ikapanda kwa asilimia 40, mmepata laki nne, kabla ya kutoa unyevu, dumuzi na kodi ya stoo. Milioni hiyohiyo ikinunua sukari, mafuta na sabuni, ikauzwa ikaisha kila wiki kwa faida ya asilimia 4 tu, ni elfu arobaini kwa wiki. Wiki 26 ni milioni moja na elfu arobaini, na mwanachama hajavuka barabara. Wekeni mchele wa kutosha wiki mbili tatu, basi. Kama wanachama wanataka akiba ya nafaka, na mara nyingi wana haki ya kuitaka, ufunguliwe mfuko wake, atakaye achangie, leja yake iwe peke yake na iandikwe kwa kilo na unyevu.

2. Msikopeshe, hata mwenyekiti. Duka la Rochdale, Uingereza, lililofunguliwa mwaka 1844 na wanachama 28, wafumaji na mafundi wengine, liliuza kwa fedha taslimu tu na kugawa ziada kulingana na manunuzi ya kila mmoja. Ndiyo sababu kadi ya manunuzi ya mwanachama ijazwe kila siku, maana bila hiyo ziada mtaigawa kwa kukisia.

3. Mizani ikaguliwe na kupigwa muhuri na Wakala wa Vipimo kila mwaka. Na rumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, msipokee. Najua mtaletewa viazi vya Isyonje kwenye gunia lenye kilemba, bei ileile ya gunia la kawaida, na mtu wa manunuzi ataona amepatia. Mimi nimewahi kumwona mwanachama wetu akitazama gunia kama hilo likishushwa dukani, naye ni mkulima wa viazi hukohuko. Hakusema neno, ila hakununua hisa ya pili. Nunueni kwa kilo.

4. Mali ihesabiwe kila mwisho wa mwezi na watu wasiouza, meneja akiwepo.

5. Mkiitisha mkutano wa hamasa, wazee watawauliza juu ya mwaka 1976. Msiwakatize. Operesheni Maduka ilifunga maduka ya watu binafsi ili ya ushirika yachukue nafasi, bidhaa zikawa hazitoshi, na serikali ikalazimika kuisitisha. Mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na vikarudi kwa sheria ya mwaka 1982. Mzee aliyeyaona hayo akikwambia ushirika ni rafu tupu, ana ushahidi. Mjibuni kwa mambo yanayoshikika: kujiunga ni hiari, duka la jirani halifungwi, hesabu zinakaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, na kusomwa mkutanoni, na kila mwanachama ana kura moja awe na hisa moja au hisa ishirini. Kisha mwombeni aingie kamati ya usimamizi. Watu wa namna hiyo husoma leja mstari kwa mstari.

6. Ukomo wa madeni, yaani kiwango cha juu ambacho chama kinaweza kukopa, upitishwe na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis wa vyama vya ushirika kabla hamjachukua hata katoni moja ya mkopo kwa muuzaji wa jumla.