Mianya katikati ya maneno

SWALI: Mhariri, natayarisha jarida la msikiti wetu, safu tatu kwenye ukurasa wa A4. Nikinyoosha kingo zote mbili, maneno yanaachana vibaya. Nifanyeje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu yangu, safu zako ni nyembamba mno kwa Kiswahili. Neno kama “waliotutangulia” hula nusu ya mstari. Likikosa nafasi hushuka zima, na kompyuta hutanua nafasi za maneno yaliyobaki. Kwenye Word bonyeza Ctrl na L, maandishi yajipange kushoto, ukingo wa kulia ubaki na meno. Kwa safu nyembamba mimi napenda hivyo kabisa.

Ukishikilia kunyoosha, weka safu mbili na ukate maneno kwa silabi, baada ya irabu: ki-ta-nda, kamwe si kitan-da. Nayo ng’ usiitenganishe hata siku moja!

Tafadhali usitawanye herufi ndogo ili kuziba mianya, neno husambaratika. Herufi kubwa za kichwa cha habari ndizo zinazohitaji hewa. Ongeza nafasi ya pointi moja kati ya herufi hizo, kisha angalia A inapokutana na V: hapo pengo huonekana kubwa, zisogeze karibu kwa mkono.