Je, ilikuwa lazima ulimwengu wa Warhammer uangamizwe?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni Mtanzania ninayeishi Uingereza, na kwa miaka mingi nimecheza Warhammer, mchezo wa vita vya kubuni unaochezwa mezani kwa sanamu ndogo za askari. Hadi leo nina uchungu kwa namna ulimwengu wake ulivyoangamizwa mwaka 2015. Wenzangu husema huo ni mchezo tu. Je, nakosea kuudhika? – Msomaji, Leicester

JIBU: Hukosei hata kidogo, ndugu msomaji. Tangu mwaka 1983 ulimwengu huo ulikuwa ukingoni mwa maangamizi, na hapo ndipo ilipokuwa raha yake, kwa kuwa kila aliyepanga jeshi lake mezani alijua kwamba lolote laweza kutokea. Mwaka 2004 matokeo ya mechi za wachezaji wa nchi mbalimbali yalikusanywa ili yaamue hatima ya uvamizi wa Archaon, jemadari wa majeshi ya Machafuko (Chaos), ingawa baadaye kampeni hiyo iliondolewa katika historia rasmi. Vitabu vya mwaka 2014 na 2015 vilipoleta kiama chenyewe, wachezaji hawakuulizwa neno.

Tena kiama kikaandikwa kwa pupa. Chini ya mji wa Middenheim, mahasimu wa jadi wanaungana kuuzuia ufa unaoimeza dunia, wanakaribia kufaulu, mara Mannfred von Carstein, bwana wa wanyonya damu, anamuua mchawi Balthasar Gelt na kila kitu kinaharibika. Usaliti ni tabia ya Mannfred, sikatai. Lakini falme zilizojengwa kwa miongo mitatu zilistahili kuanguka kwa sababu nzito kuliko chuki ya mtu mmoja.

Mchezo uliofuata, Age of Sigmar, ulikuja na sheria za kurasa nne, bila pointi za kulinganisha majeshi hadi mwaka 2016. Vitako vya mraba vya kusimamishia sanamu, vilivyowezesha askari kusimama bega kwa bega katika safu na kuogopa kushambuliwa ubavuni, vikaachiwa nafasi vya duara. Aliyependa mbinu za safu alipoteza mchezo wake pamoja na hadithi yake.

Jeshi lako usiliuze. Tangu Januari 2024, mchezo wa Warhammer: The Old World umerudisha safu na vitako vya mraba, katika zama zilizotangulia utawala wa Karl Franz, mfalme mkuu wa Dola ya wanadamu katika hadithi ya zamani. Ikiwa jeshi lako ni la Skaven, yaani watu-panya, au la watu-mijusi, limepewa orodha ya sheria ya bure tu, kwa hiyo waulize waandaaji kama wanaikubali kabla hujajiandikisha katika mashindano.