Barua kwa mwanangu: wale sita wa nyuma

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani ya baba yako maana yangu sijui nimeiweka wapi. Unasema darasa lako la maigizo lina wanafunzi 32, na sita kati yao hawataki kabisa. Wanakaa nyuma, mikono wameifungia kifuani, ukiwaita wanatazama sakafu, na mmoja amekwambia waziwazi kwamba yeye si mtu wa kuchezacheza. Onyesho la mwisho wa muhula linakaribia na kila mwanafunzi anatakiwa kupewa alama za kupanda jukwaani. Ukaniuliza: niwalazimishe, au niwaache wapate sifuri?

Nitafika huko. Kwanza nataka nikuulize wewe: hao sita wanaogopa nini? Mimi nilifundisha somo hilo miaka yote ile unayoijua, na kwa muda mrefu niliamini kwamba anayekaa nyuma hapendi maigizo. Nilichelewa kuona kwamba wengi wao walichokuwa wakikimbia ni macho ya wenzao, na kwamba mchezo wenyewe wengine waliupenda kuliko hata wale waliokuwa wakigombania kukaa mbele. Kuchelewa kwangu huko kulimwumiza mtoto wa watu.

Sikumbuki kama nimewahi kukusimulia habari za yule mvulana wa dirishani. Kaka yako anazijua, kwa sababu alikuwa mezani jioni ile nilipokuwa nahesabu zile nakala. Wewe ulikuwa bado unanyonya.

Ulikuwa mwaka wangu wa tatu kazini, na niliamini kuwa mtoto hujifunza kuogelea kwa kutoswa majini. Yule mvulana nilimpa sentensi moja tu. Alikuwa mjumbe anayeingia na kusema, "Mlango wa mashariki umevunjwa." Maneno manne. Alipogoma kuinuka nilimshika mkono nikamtoa kwenye dawati. Akasimama mbele, akashika upindo wa shati, akaanza kuukunja. Akaukunja tena, na tena, taratibu, kwa vidole viwili, bila kujua anachofanya, mpaka tumbo likaonekana. Darasa likaangua kicheko. Hakujua wanacheka nini. Akayasema yale maneno manne akiviambia viatu vyake, nami nikasema, "Sauti!" Akarudia. "Sauti, hatukusikii!" Mara tatu, mwanangu. Mara ya tatu midomo ilicheza tu, hapakutoka kitu. Na jioni nilimwambia baba yako kwamba leo nimemtoa mtoto mmoja woga.

Tangu siku ile, kila kipindi cha maigizo kilimkuta anaumwa tumbo. Mwisho wa mwaka nikakusanya nakala za mchezo. Nikafungua ya kwake. Pembeni mwa kila ukurasa, kwa penseli, alikuwa amechora mishale midogo midogo: nani aingie kutokea wapi, nani asogee wakati mwenzake anaongea, kiti kiondolewe lini. Mahali pamoja aliandika, "Malkia anamziba mtumishi." Nilikuwa nimefanya mazoezi ya mchezo ule majuma sita, na ni kweli, Malkia alikuwa akimziba mtumishi, na mimi mwalimu sikuliona. Nilikuwa na mwongozaji darasani nikamfanya mjumbe. Mwaka uliofuata akachagua somo jingine. Nakala ile ninayo mpaka leo. Sikumwambia neno, na nafasi ya kumwambia nilikuwa nayo, maana tulipishana kwenye korido mwaka mzima.

Ndipo nikaanza kusema yale maneno mliyokua mkiyasikia nyumbani: mkono kwanza, mdomo baadaye. Mpe mtoto kitu cha kufanya kabla hujampa kitu cha kusema. Wala hili halikuanza na mimi. Viola Spolin, aliyekuwa akiwafundisha watoto huko Chicago miaka ya 1930, aliisimamisha kazi yake yote juu ya michezo kwa sababu hiyo hiyo. Watoto wakivutana kwa kamba ambayo haipo, au wakirushiana mpira usioonekana, akili yao yote iko kwenye ile kamba na ule mpira. Haibaki ya kujitazama wao wenyewe. Kwa hiyo sukumeni madawati ukutani, darasa zima livutane, jozi 16 kwa wakati mmoja, pasiwepo na mtu wa kutazama. Hilo la mwisho ulishike. Ukimruhusu hata mmoja akae pembeni "apumzike", umeshatengeneza hadhira, na wale sita watamwona yeye kabla hawajaiona kamba.

Na yule aliyekwambia si mtu wa kuchezacheza, usibishane naye. Mpe saa, apime kila tukio linachukua dakika ngapi, aandike. Siku ya tatu mwulize lipi ni refu mno. Atakwambia, nakuhakikishia, na atakwambia na sababu.

Lakini aliyenifungua macho zaidi ni Dorothy Heathcote, Mwingereza mmoja aliyeacha shule akiwa na miaka 14 akaenda kufanya kazi kiwanda cha nguo za sufu, na baadaye akawa mwalimu wa walimu huko Newcastle. Yeye hakuwa akiwaambia watoto "haya, igizeni." Aliingia darasani akiwa tayari ni mtu mwingine, mtu mwenye shida, na watoto akawachukulia kuwa ndio wataalamu waliokuwa wakisubiriwa. Mtoto haombwi aonyeshe kipaji. Anaombwa msaada.

Unaikumbuka ile bahasha ya kaki? Wewe ndiye uliyenichongea muhuri kwa kifutio, ukajipaka wino mpaka kwenye kope. Basi kesho yake niliingia darasani na bahasha ile, faili kwapani, tai ya baba yako shingoni. Nikawaambia nashukuru wahandisi mmefika haraka. Daraja limeanguka usiku, hakuna aliyekufa, lakini wenyewe wanataka ripoti kabla hawajajenga jingine. Mimi ni karani tu, nimetumwa. Hapo kwenye ukarani ndipo pana siri yote. Ungeingia kama mkubwa wao wangenyamaza wakusubiri useme. Ukiingia kama mtu asiyejua kitu, kuna atakayeshindwa kuvumilia ujinga wako.

Kulikuwa na msichana kule nyuma ambaye tangu mwaka uanze sikuwahi kuona viganja vyake. Nikasoma kwenye faili kwamba mafundi rangi walimaliza daraja zima kwa siku moja.

"Siku moja?" akauliza. "Kutu waliisugua saa ngapi?"

Nikasema sijui, mimi karani tu. Basi akaanza kunihoji. Akaniacha mimi akawageukia wenzake waliokuwa wamejitwalia kazi ya ufundi rangi, akawabana mpaka mmoja akakiri kwamba walipaka juu ya kutu. Akaomba faili. Akaikunjua mikono ili aipokee, na hakuikunja tena. Akasoma, akasema tarehe hazilingani, na kweli hazikulingana, nilikuwa nimezikosea usiku nilipokuwa naziandika. Aliendelea hivyo mpaka kengele ikalia. Hakuinuka kwenye kiti chake hata mara moja. Nilirudi nyumbani naimba, mwulize baba yako.

Baadaye nilisoma kwamba Augusto Boal, mwongozaji wa michezo ya kuigiza wa Brazil, yalimkuta mambo ya namna hiyo Peru, miaka ya 1970. Katikati ya onyesho mwanamke mmoja kwenye hadhira akawa anawaambia waigizaji la kufanya, wanajaribu, anasema siyo hivyo, wanajaribu tena, siyo hivyo. Mwisho Boal akamwambia apande aonyeshe mwenyewe. Akapanda. Kuanzia hapo Boal akawa anawaachia watazamaji wasimamishe mchezo na kuchukua nafasi ya mwigizaji. Nami nimeliona kwa macho yangu: kuna watu hawapandi kwa kuitwa. Wanapanda wakiona mnakosea. Mara nyingine nilikuwa nakosea makusudi nikawasubiri.

Ningeishia hapo barua ingekuwa nzuri. Lakini kuna jingine, na hili linanikosesha usingizi kuliko hata la mvulana wa dirishani.

Baada ya daraja nikawa mwepesi mno wa kugawa kazi za mikono. Hutaki kusema? Shika taa. Hutaki? Vuta pazia. Nilijiona nimepata dawa. Kukawa na msichana mmoja niliyempa pazia, akalivuta miaka miwili, na sijawahi kuona pazia likivutwa vile. Alikuwa anahesabu pumzi tatu baada ya neno la mwisho, ndipo analiachia. Nilimsifu mbele ya kila mtu. Siku ya mwisho akaja kunirudishia glavu za kushikia kamba. Akazikunja vizuri, akaziweka mezani, akasema, "Mwalimu, mwaka wa kwanza uliniuliza kama nataka nafasi ya kusema. Nikasema sitaki. Hukuniuliza tena."

Hakusema kwa kunilaumu. Aliaga akaenda zake.

Mkono kwanza, mdomo baadaye. Ile nusu ya kwanza niliishika vizuri. Ile "baadaye" niliiacha ijilete yenyewe, kwa sababu pazia lilikuwa linafunguka kwa wakati na mimi nilikuwa na mambo mengi. Mtoto aliniambia "sitaki" akiwa na miaka 14, nikalichukua kama jibu la maisha.

Halafu tena najibishana mwenyewe. Ningemwuliza kila mwezi, si ningekuwa nimerudi kwenye "Sauti! Sauti!" ile ile, ila kwa upole? Maana upole nao unasukuma, na mtoto anaujua mkono unaomsukuma hata ukivaa glavu. Nimelizungusha jambo hili miaka. Ninapofika ni hapa tu: mvulana nilimtaka jibu mbele ya watu. Huyu ningeweza kumwuliza tukiwa wawili, tunakunja lile pazia baada ya onyesho, yeye ameshika pembe zake nami zangu, na akisema sitaki, mimi nikaendelea kukunja. Muhula ujao tungelikunja tena, ningemwuliza tena. Sijui kama angekubali. Ninachojua ni kwamba alikuwa anasubiri.

Kwa hiyo hao sita wako, andika mahali tarehe uliyomwuliza kila mmoja mara ya mwisho. Kwa mkono wako, kwenye daftari. Usitegemee kukumbuka, mimi nilitegemea kukumbuka.

Sasa alama. Najua umeruka mistari yote hiyo ukitafuta hapa. Jibu ninalo, na limefika kwenye ncha ya ulimi, lakini nilijiapia sitakuamulia mambo ya darasa lako. Unajua bibi yako alivyoniingilia nilipoanza kazi, kila Jumapili ananiambia ningefanya hivi na vile. Shule yako ina utaratibu wake, mkuu wako unamjua wewe, na nyuso za hao watoto unaziona wewe asubuhi.

Niulize tu moja. Hiyo karatasi ya alama imeandika "kupanda jukwaani", au imeandika "kushiriki katika onyesho" na mtu fulani katika ofisi ya walimu akaitafsiri kuwa ni kupanda? Isome tena maneno yenyewe. Na kama kweli imeandika kupanda, basi nenda kwa mkuu umwulize yeye angempa ngapi yule msichana wa daraja, aliyelishika darasa zima kwa maswali akiwa amekaa. Mimi naijua ningempa ngapi. Lakini na yule wa pazia ningempa zote vilevile, na ona nilivyomkosea kwa kumpa zote. Basi, nanyamaza. Nimesema sitaamua.

Ule muhuri wa kifutio nimeupata kwenye sanduku la bati, chini ya mavazi. Umekauka na umepasuka ukingoni, lakini nimeujaribu kwenye gazeti, unachapa. Nimeufunga pamoja na barua hii. Bahasha utafute mwenyewe, iwe kubwa, na uigundishe barabara, maana wanapenda kukuona unahangaika kuifungua.

Niandikie baada ya kipindi cha kwanza, nieleze nani alisema nini.

Mama yako