Kabla ya Nyumba, Tafuta Fundi: Kuhamia Arusha na Gari la Kale

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mwalimu kijana wa Mtwara ambaye amepata uhamisho wa kwenda Moshi. Ana gari aina ya Datsun 120Y aliloachiwa na marehemu babu yake, amelitunza kwa miaka sita, na sasa ndugu zake wanamshauri aliuze kabla ya kufunga mizigo, kwa hoja kwamba gari la pwani haliwezi milima na kwamba huko aendako hatapata mtu wa kulitengeneza. Aliniuliza swali moja tu: "Kaka, niuze au nihame nalo?" Nilimjibu siku hiyo hiyo kwamba asiuze. Hata hivyo, mtu anayehama na kitu anachokipenda anahitaji zaidi ya jibu la neno moja, na kwa kuwa mimi jibu hilo lilinigharimu injini, nimeona niandike kwa kirefu, kwa ajili yake na kwa ajili ya wengine ambao najua wana gari la aina hiyo chini ya turubai na barua ya uhamisho mkononi.

Nilihama kutoka Tanga kwenda Arusha mwaka 2019 nikiwa na Peugeot 404 ya mwaka 1967. Marehemu baba alikuwa karani katika shamba la mkonge, na alilinunua gari hilo mwaka 1974 kutoka kwa meneja aliyekuwa akiondoka nchini. Mimi na dada zangu tulikulia kwenye kiti chake cha nyuma. Wazee wa rika la baba waliliita Pijo, na walipolitaja walikuwa wakikaa vizuri kwenye viti vyao, kwa sababu wao waliyaona mashindano ya magari ya Safari Rally kwa macho yao. Peugeot 404 ilishinda Safari mwaka 1963, ikarudi kushinda miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968, na katika miaka miwili kati ya hiyo, 1963 na 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Aliyeshinda mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland, alikuwa akiishi hapa hapa Tanzania. Baba alipenda kutukumbusha jambo hilo kila mara tulipopita njia mbovu, na mimi sijaacha kuwakumbusha wanangu.

Safari yenyewe ya kuhama haina mengi. Kutoka Tanga kupitia Segera, Korogwe, Mombo na Same hadi Arusha ni kilomita 430 hivi, na gari lilikwenda vizuri hadi mwisho. Jambo moja tu ndilo lililonitoa jasho. Tanga askari wote wa barabarani walilijua gari lile na mwenye gari, kwa hiyo kwa miaka mingi hakuna aliyeniomba kadi. Njiani nilisimamishwa na askari asiyenijua, akaiomba kadi, akakuta jina la mtu aliyefariki. Alikuwa na haki ya kuuliza, nami sikuwa na karatasi ya kumwonyesha. Alinisikiliza kwa utu akaniruhusu kuendelea, lakini kwa muda ule nilisimama juani nikieleza msiba wa baba yangu kwa mtu ambaye hakupaswa kuusikia. Kwa hiyo, mdogo wangu, ikiwa kadi ya Datsun bado ina jina la babu, familia imteue msimamizi wa mirathi, mahakama imthibitishe, kisha mkabadilishe umiliki wakati bado mko nyumbani ambako mashahidi wapo. Ukishahama, kila karatasi itakudai nauli ya kwenda na kurudi.

Sasa nifike kwenye kidonda. Wiki ya kwanza Arusha gari lilianza kubadilika. Asubuhi lilikuwa zito kuwaka, na likiwaka lilitoa moshi mweusi wenye harufu ya petroli mbichi. Mlima mdogo ambao Tanga ningeupanda kwa gia ya tatu ulinilazimisha kurudi ya pili. Nilifungua plagi nikazikuta zimejaa masizi kama chungu cha kuni. Nilikuwa mgeni, nilikuwa nimetumia nguvu zangu zote kutafuta nyumba, na sikuwa nimetafuta fundi hata mmoja. Jirani alinipeleka kwa fundi wa Unga Limited, eneo ambalo lina gereji nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ninayoijua hapa mjini. Yule fundi hakuwa mvivu wala tapeli. Alikuwa hodari wa magari ya utalii, na gereji yake ilikuwa safi. Alipima kompresheni, yaani nguvu ya kukandamiza hewa, ya silinda zote nne, akakuta ziko chini kuliko nilivyomweleza, akaniambia kwamba ringi za pistoni zimekwisha na lazima injini ifunguliwe. Nilikubali kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumuuliza.

Alichokuwa hakijui, na nilichopaswa kukijua mimi mwenye gari, ni kwamba injini ile ilikuwa nzima. Tanga iko usawa wa bahari, Arusha iko mita 1,400 hivi juu yake, na katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, haijui kwamba imehama. Inaendelea kumimina petroli kwa kipimo cha pwani wakati hewa ya kuichoma imepungua, ndiyo maana plagi hujaa masizi, moshi huwa mweusi na nguvu hupotea. Kompresheni nayo hushuka kwa kiasi hicho hicho, kwa kuwa pistoni haiwezi kukandamiza hewa isiyokuwapo. Silinda zote nne zinaposoma chini kwa usawa, bila hata moja kuachana sana na wenzake, mtu aliyetoka pwani aitazame kwanza hewa kabla ya kuzilaumu ringi. Ningekuwa nimepima kompresheni Tanga kabla ya kuondoka na kuziandika namba nne kwenye daftari, ningeziweka mbele ya fundi na mjadala ungeisha pale pale.

Kisha likatokea lile ambalo hadi leo nikilikumbuka nakosa usingizi. Injini ya 404 ina slivu, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, ambazo hazikushindiliwa kwenye bloku. Zimesimama ndani ya maji, zikikaa juu ya vizibo vyake vyembamba chini, na kinachozishikilia zisiinuke ni silinda hedi peke yake. Fundi anayeijua injini hiyo, akishatoa hedi, huzibana slivu kwa vishikizo kabla ya kuligusa jambo lingine. Nilifika gereji saa kumi jioni nikamkuta kijana msaidizi ameshika spana kubwa kwenye puli ya mbele, anazungusha krenki ili pistoni zipande azisafishe vichwa. Niliziona slivu mbili zikipanda pamoja na pistoni, taratibu, labda unene wa kucha, kisha zikashuka. Basi. Vizibo vilikuwa vimeachia. Walipofunga injini na kuiwasha, kijiti cha oili kilitoka na kitu cheupe kizito kama maziwa ya unga yaliyokorogwa vibaya. Maji yalikuwa yameingia kwenye oili.

Gari lililala miezi minane, na matengenezo yaliniondokea na mishahara minne. Sikugombana na fundi yule, naye alinirudishia sehemu ya fedha nilizomlipa bila kushurutishwa. Lakini nilikaa usiku mwingi nikifikiri kwamba gari lililopita mikononi mwa baba kwa zaidi ya miaka 40 bila injini yake kufunguliwa, lilifunguliwa mikononi mwangu kwa ajili ya ugonjwa ambao haukuwapo.

Aliyeliponya ni mzee mmoja wa Moshi, fundi aliyestaafu, niliyeelekezwa kwake na muuza spea ambaye aliona nimekuja dukani mara ya tano na swali lile lile. Mzee alikuja Arusha kwa basi, akiwa na mfuko wa kitambaa. Kabla ya kuligusa gari aliniuliza lilitoka wapi, nikamjibu Tanga, naye akatikisa kichwa kama daktari aliyeambiwa kijiji alichotoka mgonjwa. Alisimamia kazi ya slivu mpaka mwisho. Siku ya kuwasha alifungua kabureta ya Solex, akatoa jeti kuu, ile inayopima petroli ya kuingia kwenye injini, akaipeleka dirishani na kuiinua kwenye mwanga. Ni kipande cha shaba kidogo kuliko punje ya mahindi, na ubavuni kimechongwa namba inayotaja upana wa tundu: 130 maana yake ni milimita 1.30. Akaniambia, "Mwanangu, gari lako lilikuwa halina ugonjwa. Lilikuwa linashiba kupita kiasi." Akatia jeti yenye tundu dogo zaidi kwa hatua mbili, akasogeza distribyuta kidogo ili cheche iwahi, na gari likapumua. Moshi mweusi ulikoma siku ile. Kazi ya jeti na distribyuta haikufika nusu saa.

Ndiyo maana nasema, na nitalisema tena: tafuta fundi kabla ya nyumba. Nyumba mbaya utaihama mwisho wa mwezi, lakini injini iliyofunguliwa bila sababu haifungwi ikawa kama ilivyokuwa. Usimchague fundi kwa usafi wa gereji wala kwa wingi wa magari aliyonayo uani. Nenda kwake mikono mitupu, bila gari, umuulize maswali mawili matatu kuhusu gari lako hasa, na asiyejua utamtambua kwa kuwa atajibu upesi. Mimi kwa mfano huwauliza kuhusu difu, yaani meno yanayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Difu ya 404 si kama ya magari mengine, ina parafujo inayozungusha gurudumu la meno la shaba, na oili ya difu tunayoinunua kila duka ina dawa za salfa zinazoila shaba hiyo. Kiwandani ilitakiwa oili ya asili ya mbarika. Fundi atakayesema "tutaweka tu ya kawaida" namshukuru na kuondoka. Wewe mwenye Datsun huna tatizo hilo, wala huna slivu za kuinuka, lakini gari lako nalo lina siri zake, na ni wajibu wako kuzijua kabla ya yeyote atakayekushikia spana.

Kuna na upweke, ambao watu hawausemi. Mtu anayehamia Arusha na gari la kale anatarajia kupokewa, kwa kuwa mji huu unapenda magari ya zamani kweli kweli, isipokuwa mapenzi hayo yana jina moja, nalo ni Land Rover. Sina chuki. Najua gari hilo limejenga utalii wa kaskazini, najua bodi lake la alumini limefungwa kwa bolti na mtu anaweza kulibadilisha kipande kwa kipande, na najua spea zake zipo hata kwenye maduka ya vichochoroni. Oktoba 2024 Arusha ilipofanya tamasha la Land Rover, nilikwenda na mwanangu tukasimama kando ya barabara kuyatazama yakipita, na nilifurahi kwa moyo mmoja. Ila mwaka wangu wa kwanza nilijisogeza kwa kundi la wenye magari hayo waliokuwa wakikutana Jumapili kunywa kahawa, na mmoja wao aliliangalia gari la baba akasema, mbele ya wenzake, "Hilo si gari la huku." Maneno hayo niliyabeba muda mrefu kuliko nilivyostahili kuyabeba.

Niliacha kwenda. Baadaye, kupitia mzee wa Moshi, nikawafahamu watu wanne: mmoja wa Tengeru mwenye Volkswagen, ndugu wawili wa Machame wenye Peugeot 504, na mama mmoja mstaafu wa Moshi mjini anayeendesha Morris Minor kwenda kanisani. Hatuna chama wala kiongozi. Tunapigiana simu mtu akiona spea mahali, na ukiharibikiwa Boma Ng'ombe usiku atatokea mmoja na kamba. Usitafute kundi kubwa ukifika ugenini. Tafuta wanaolisalimu gari lako kwanza kabla ya kukusalimu wewe. Watajitokeza wenyewe kwenye vituo vya mafuta.

Mambo mengine nitayapita haraka. Chumvi ya pwani inasafiri na gari, kwa hiyo osha chini yake kwa maji mengi siku unayofika na umruhusu fundi bodi alione kabla ya masika, maana matundu niliyodhani ni madogo yalipitisha maji hadi kwenye zulia. Maji ya rejeta Arusha huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100 ikiwa kifuniko hakishiki mgandamizo, hivyo nunua kifuniko kipya na usijifariji na cha zamani. Kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi ni baridi, na betri iliyochoka itakuaibisha. Vumbi la huku ni jepesi na linaingia kila mahali, basi fungua chujio la hewa mara mbili ya ulivyozoea.

Moshi iko chini ya mita 1,000, mdogo wangu, na hewa yake si nyepesi kama ya kwetu, kwa hiyo Datsun yako huenda ikahitaji marekebisho madogo tu ya kabureta. Pima kompresheni Mtwara, andika namba, zitie kwenye droo ya gari pamoja na kadi yenye jina lako. Ukifika Same pumzika, acha injini ipoe, ndipo uendelee. Mzee bado yupo, ingawa macho yake yamepungua, na nimeshamweleza kwamba kuna kijana anakuja. Ameuliza kabureta yako ni ya aina gani. Jeti yangu ya pwani ninaitunza kwenye kopo la Africafé juu ya kabati, na kila Desemba tukishuka Tanga kuzuru kaburi la baba nasimama Korogwe, nairudisha mahali pake, na mwanangu ndiye anayenishikia tochi.