Umeshindwa Mahakama ya Mwanzo? Usikae Kusubiri Nakala

Ukishindwa kesi ya madai Mahakama ya Mwanzo hapa Tanzania, una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Hesabu huanza siku inayofuata ile ya hukumu, wikiendi zikiwemo.

Wengi hukwama kwenye nakala ya hukumu. Wanaifuatilia masjala, njoo kesho, njoo Jumatatu, hadi siku 30 zinakatika. Kumbe kanuni za rufaa zinazotoka Mahakama ya Mwanzo, GN (Tangazo la Serikali) 312 ya 1964, hazikulazimishi kuambatisha nakala. Iombe kwa barua siku ileile, bakiza nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, ila rufaa isiingoje. Na ukishapewa namba ya malipo, lipa ada siku hiyohiyo. Hati ya rufaa isiyolipiwa ni rahisi kuonekana haijafunguliwa.

Kazi kubwa iko kwenye sababu za rufaa. Hakimu wa wilaya hasikilizi kesi upya. Anasoma mwenendo, yaani yale yaliyoandikwa mashahidi walipokuwa wakizungumza. Ushahidi mpya hupokelewa kwa nadra. Kwa hiyo "hakimu hakunitendea haki" haimpi pa kushika. Andika hivi (SM2 ni shahidi wa pili wa upande wa mdai): "Hakimu alikosea kusema mkopo haukuthibitishwa, wakati SM2 alieleza aliona shilingi 800,000 zikikabidhiwa." Hapo atafungua ushahidi wa SM2 na kupima mwenyewe. Sababu tatu za namna hiyo zinatosha. Kumi na mbili zinazorudia jambo moja zinamchosha tu.

Rufaa peke yake haizuii utekelezaji wa hukumu. Kama kuna mali inayoweza kukamatwa, omba zuio mapema.

Ukichelewa, unaomba kuongezewa muda kwa hati ya kiapo, na mahakama itataka maelezo ya kila siku uliyochelewa. Kuandika "niliugua" halafu ukaambatisha cheti cha siku 4 wakati umechelewa siku 19, zile 15 zitakuangusha.

Ukishindwa tena wilayani, ngazi inayofuata ni Mahakama Kuu, pia ndani ya siku 30. Watu hukosea mlango hapa: kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, hati ya rufaa hiyo inapelekwa Mahakama ya Wilaya iliyotoa uamuzi, nayo ndiyo inayoituma juu pamoja na jalada.