Maswali ya Wasomaji: Kwa nini CMC inagoma kuipa sabuni uzito?

SWALI: Natengeneza sabuni ya maji hapa Igoma, Mwanza. Ndoo ya lita 20 naitia gramu 60 za CMC, ule unga wa kuifanya sabuni iwe nzito. Zamani nilikuwa naloweka CMC usiku kucha; siku hizi, ili niwahi wateja, naimwaga mwishoni, baada ya ungerol (kemikali ya kusafisha na kutoa povu) na chumvi. Sabuni inatoka nyepesi na ina madonge meupe, na kila nikiongeza chumvi inazidi kuwa maji. Nimeuziwa CMC feki?

JIBU: Kabla ya kumlaumu muuzaji, rudisha mpangilio wako wa zamani. Ulikuwa sahihi.

CMC ni polima: mnyororo mrefu wa selulosi, na pete nyingi zinazouunda zimebeba chaji hasi. Chukua uzi wa nyavu uutupe kwenye beseni la maji. Uzi wenyewe ni mwembamba, lakini fundo lake lililolegea linashika nafasi kubwa, na maji yaliyo ndani yake hayapiti kirahisi. Mnyororo wa CMC hufanya vivyo hivyo. Gramu moja ikiwa kavu haijazi nusu kijiko cha chai. Ikiyeyuka vizuri, CMC yenye minyororo mirefu hushika eneo la nusu lita ya maji au zaidi. Kwa hesabu hiyo, ukifika kama gramu 40 kwenye ndoo yako mafundo yanaanza kugusana, na kuanzia hapo kila gramu unayoongeza inapandisha uzito kwa kasi. Chini ya hapo kila fundo linaelea peke yake na ongezeko ni dogo.

Kwenye maji matupu, chaji hasi zinasukumana na mnyororo unatanuka. Ukitia chumvi, ioni za sodiamu (chembe zenye chaji chanya) zinazizunguka chaji hizo, msukumano unapungua, mnyororo unajikunja na eneo lake linasinyaa. Ukiimwaga CMC kavu kwenye maji ambayo tayari yana chumvi, mbaya zaidi: haipati hata nafasi ya kufunguka. Madonge ni unga uliolowa nje ukawa kama gundi, ukayazuia maji yasifike ndani.

Fanya hivi. Kwenye kikombe kikavu, koroga gramu 60 za CMC na mililita 200 za gliserini mpaka unga wote ulowane. Gliserini inautenganisha unga bila kuuyeyusha. Mimina kidogo kidogo kwenye lita 8 za maji ya bomba huku ukikoroga, kisha acha usiku kucha. Maji ya bomba yanayotoka ziwani yana chumvichumvi kidogo. Ya kisima yenye ladha ya chumvi usiyalowekee. Ungerol iyeyushe pembeni, uchanganye asubuhi.

Chumvi iwe ya mwisho, imeyeyushwa kwenye nusu lita ya maji. Kazi yake ni kwa ungerol, ambayo huwa nzito kwa chumvi hadi kiwango fulani, kisha hugeuka na kuwa nyepesi. Tia kikombe kimoja cha maji hayo ya chumvi, koroga, subiri dakika tano, tazama. Uzito ukiacha kupanda, simama hapo hapo.

SWALI: Sabuni yangu hukaa vizuri wiki mbili, halafu inakuwa maji na kutoa harufu. (Ilemela)

JIBU: Vijidudu vimeingia. Vimeng'enya vyao hukata minyororo katikati, na mkato mmoja tu kwa kila mnyororo unatosha kupunguza mchango wake kwenye uzito kwa zaidi ya theluthi, ingawa gramu za CMC ni zilezile. Kuongeza CMC mpya ni kuvilisha. Mwaga, osha ndoo, chemsha maji ya kulowekea kwa dakika 10 na uyapoze yakiwa yamefunikwa. Usichanganye sabuni ya zamani na mpya. Kihifadhi kiendane na sabuni yako: sodiamu benzoeti inafanya kazi kwenye uasidi tu.

SWALI: Nasoma kemia, Nyegezi. Napima muda wa CMC kushuka kwenye mrija mwembamba wa kioo ili nipate urefu wa mnyororo. Nikipunguza CMC, mstari wa grafu ya mnato kwa kila gramu unapinda kwenda juu badala ya kunyooka. Nakosea wapi?

JIBU: Umetumia maji matupu. Kadiri unavyozimua, ioni zinapungua na minyororo inazidi kutanuka, hivyo kila kipimo ni cha mnyororo wenye umbo jingine. Yeyusha CMC kwanza, kisha utie chumvi, na uzimulie kwa maji yenye gramu 5.8 za chumvi safi kwa lita, siyo maji matupu. Muda wa maji hayo ya chumvi ndio uwe msingi wako. Chagua viwango vinne ambavyo muda wake ni kati ya mara 1.2 na 2 ya msingi. Gawanya muda kwa msingi, toa 1, gawanya kwa gramu za CMC kwa mililita, kisha vuta mstari hadi kiwango sifuri: namba ya hapo ni kipimo cha nafasi inayoshikwa na kila gramu, na hukua kadiri mnyororo unavyokuwa mrefu. Weka mrija kwenye beseni la maji lenye joto lisilobadilika: karibu na nyuzi 25, nyuzi moja tu inabadilisha mnato wa maji kwa takriban asilimia 2.