Maswali ya Wasomaji: Kuzima ripita ya redio kwa simu ya mkononi

SWALI: Bwana Mhariri, pokea salamu zangu. Sisi ni kikundi kidogo cha redio ya ridhaa hapa Lubumbashi, na ripita yetu, yaani mtambo unaopokea sauti ya redio na kuirusha tena, imefungwa juu ya paa la jengo la ghorofa katikati ya mji. Mwezi wa pili, mvua ikinyesha, ilinata ikawa inarusha mawimbi tangu saa mbili za usiku hadi alfajiri bila mtu kusema neno. Mlinzi hakuwa na ufunguo wa ngazi, nasi tukabaki kusikiliza mvumo ule mpaka betri ilipokwisha. Je, yawezekana kuizima kwa simu ya mkononi tukiwa nyumbani?
– Msomaji wa Kampemba

JIBU: Ndugu msomaji, yawezekana, tena kwa gharama ndogo, lakini simu isiwe kinga yenu ya kwanza. Ripita hupokea sauti kwenye masafa fulani, tuseme MHz 145.000, na papo hapo huirusha tena kwenye MHz 145.600, kwa hiyo ikinata hufunga njia kwa kila mtu. Kabla ya kununua chochote, iwekeeni saa ya kuikatisha yenyewe. Nchini Marekani kanuni ya 97.213 inataka mtambo unaoendeshwa kwa mbali usirushe kwa zaidi ya dakika 3 njia ya kuuongoza inapoharibika, na kipimo hicho kinawafaa ninyi pia. Usiku ule, saa hiyo peke yake ingewatosha.

Sasa simu. Tafuteni simu ya vibonye inayojipokea yenyewe ikichomekwa waya wa masikioni. Kibonye unachobonyeza nyumbani hufika huko kikiwa milio miwili kwa pamoja: namba 5, kwa mfano, ni Hz 770 na Hz 1336. Milio hiyo hupita kwenye waya wa masikioni na kuingia katika chipu ya kuitambua, kama vile MT8870, kisha kompyuta ndogo huilinganisha na namba yenu ya siri kabla ya kugusa rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, inayokata umeme wa sehemu ya kurusha, huku kipokezi kikiachwa kikiwaka. Rilei hiyo ipangwe hivi kwamba kompyuta ikifa, mtambo nao unyamaze.

Kwa kuwa mitandao ya simu huibana sauti, milio hufika wakati mwingine imechakaa. Bonyezeni bila haraka, na mtambo uwajibu kwa mlio mmoja ukiwaka na miwili ukizima, ili asiwepo wa kudhani tu. Namba ya anayepiga isitoshe kuwa kitambulisho, maana huweza kughushiwa; ulizeni namba ya siri kila mara.

Jambo linalowasumbua wengi ni kuiweka simu kando ya ripita. Simu ya GSM, yaani ya mtandao wa 2G, hurusha mawimbi kwa vipande, takriban 217 kwa sekunde, na vipande hivyo vikiingia kwenye waya wa sauti mtasikia ule mngurumo wa “drrr, drrr” ambao kila mwenye redio nyumbani anaujua. Ifungieni simu katika kisanduku chake cha chuma, antena yake ikiwa nje, na waya wa sauti uwe wenye kinga ya nyuzi za shaba.

Hata hivyo, radi itakayoangusha ripita yenu yaweza kuangusha mnara wa simu saa ileile, na ni wakati kama huo ndipo watu huihitaji redio. Kwa hiyo wekeni njia ya pili, kipokezi kidogo kwenye MHz 430 hadi 440 kinachosikiliza milio hiyohiyo, mkijua kwamba namba ya siri inayopita hewani husikika na kila mwenye redio, hivyo itumike kwa dharura na ibadilishwe baadaye.

Laini ya simu nayo itieni unite (salio) kila mara, kwani isiyotumika muda mrefu huweza kufungwa, na ijaribiwe kila wiki. Mlinzi apewe nakala ya ufunguo wa ngazi.